Kilimia na Mashine Isiyo na Adabu

Jumatano, 18 Juni

Leo redio imesema wataalamu wanafundisha viazi kuishi kwenye udongo kama wa Mirihi. Mirihi! Ile nyota nyekundu. Nani atabeba samadi mpaka huko? Na jalidi ikishuka, nani atawasha moshi kuyakinga majani? Hawakusema. Mtangazaji kacheka kidogo, kapiga muziki.

Mtangazaji mwenyewe ni mjukuu wangu Nélida. Ndiyo. Huyo huyo niliyemfuta kamasi kwa shali yangu. Mama yake alikwenda Lima kutafuta kazi, akapata kazi na mume mwingine, mtoto akaniachia mimi. Sasa Nélida yuko wilayani, kila asubuhi saa kumi na mbili, kipindi cha sayansi. Simu, roboti, mashine zinazofikiri. Sauti anayo, nzuri kama ya bibi yake. Akili — nilidhani anayo.

Nimebishana na redio mpaka supu ikashika chini. Basi nini? Mume wangu Celso, Mungu amrehemu, alizungumza na nyumbu miaka yote na hakuna aliyemcheka.

Daftari hili kalituma Nélida. Karatasi nzuri, lakini mistari wameichapa hafifu, nalazimika kuandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku hizi kila kitu wanakitengeneza hafifu. Wino, mishumaa, hata chumvi.

Jumapili, 22 Juni

Fortunato, mwenyekiti wetu, kaja na simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Kijana mzuri. Ana miaka hamsini, lakini kijana.

"Mama Saturnina, nisamehe, sikuja kubishana. Simu inasema mvua ya mwaka huu itakuja mapema."

"Simu yako imewahi kulima?"

"Hapana, mama."

"Imewahi kulala njaa?"

"Huishiwa chaji tu, mama."

"Basi ikae kimya. Keshokutwa tutamuuliza mwenye mvua."

Keshokutwa ni San Juan, sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Alfajiri tunapanda kilima kutazama Kilimia, vile vinyota vilivyosongamana kama vifaranga. Kikiwaka vizuri, mvua itawahi, na kijiji chetu kizima cha Pumachaka kinapanda viazi mwanzoni mwa Oktoba. Kikififia, mvua itachelewa, tunangoja mpaka mwisho wa Novemba. Ukikosea upande mmoja, mbegu inakaukia ardhini. Ukikosea upande wa pili, jalidi inakuja kabla viazi havijajaa. Kaya arobaini na moja. Huo si mchezo wa simu.

Celso alisoma Kilimia miaka thelathini na mmoja. Alipokufa mkutano ukanipa mimi. Wifi yangu Eulogia, dada yake Celso, alitaka apewe yeye kwa kuwa ni damu. Miaka tisa sasa na bado hajalimeza. Jana kanipita sokoni kainua pua kama alpaka.

Jumanne, 24 Juni

Tumepanda watu sita. Baridi ya kukata masikio. Desturi inajulikana: kila mtu anatazama kimya, kisha mwenye umri mkubwa anasema kwanza, ndipo wengine. Mwenye umri ni mimi. Eulogia ananifuata kwa miezi minne. Miezi minne hiyo inamuuma kuliko jino.

Nikatazama. Nikapangusa macho, nikatazama tena. Kilimia kimefifia kabisa! Kama mtu aliyepuliza pumzi kwenye kioo. Hata Celso hakuwahi kunionyesha Kilimia kibaya hivi.

Nikasema: "Nyota tano. Mwaka wa kuchelewa."

Upepo tu. Halafu Eulogia:

"Wifi, mimi nimeona kumi."

"Kumi umeziona wapi, kwenye kitako cha chupa?"

Wakacheka. Hata mwanawe kacheka, akajifanya anakohoa. Eulogia kajifunga shali yake polepole.

"Haya, wifi. Wewe ndiye uliyeachiwa macho ya kaka yangu."

Nikawauliza wanne waliobaki, mmoja mmoja. Ulivyosema, mama. Ulivyosema, mama. Ulivyosema. Ulivyosema. Nikaweka majani ya koka chini ya jiwe. Neno limefungwa.

Wakati wa kushuka Fortunato katuonyesha setilaiti zinapita, msururu mzima, ati ni za intaneti. Maelfu kwa maelfu, Nélida alisema redioni, na bado wanaongeza. Zinachafua mbingu kama mifuko ya plastiki ilivyochafua mto. Lakini mimi hazinidanganyi. Setilaiti hupita. Ule ukungu ulikaa.

Jumapili, 29 Juni

Mkutano umekwisha upesi. Kupanda: wiki ya mwisho ya Novemba. Mikono yote juu isipokuwa mmoja. Wa nani — sitapoteza wino.

Kuna mmoja kasimama na simu, ati programu yake inasema vingine. Nikamwambia programu ikija na jembe la mguu nitaikaribisha chicha, pombe yetu ya mahindi. Kaketi.

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya tatu tunakanyaga viazi vilivyogandishwa na baridi, tutoe maji, tuanike, viwe chunyo. Miguu siisikii tena. Nimewaambia watu watengeneze mara mbili ya kawaida, mwaka wa njaa unakuja. Wametii. Hata viazi vizuri vya kula vimemwagwa baridini. Mwaka jana pia tulichelewa kupanda, mavuno yakawa ya kulia, watu wana hofu.

Redio asubuhi: Nélida kwa furaha zote anatangaza kwamba wanasayansi wa ng'ambo walishathibitisha Kilimia chetu. Ati kikififia ni kwa sababu ya mawingu membamba, juu sana, yanayoletwa na bahari iliyopata joto, na bahari ikipata joto mvua yetu huchelewa.

Wamethibitisha! Asanteni sana. Mimi nami nimethibitisha kwamba maji yanalowesha.

Kisha kasema: "Bibi yangu kule Pumachaka anayajua haya bila kompyuta." Nikajifanya sikusikia. Niko peke yangu jikoni na simbilisi, namjifanyia nani? Nikaongeza sauti ya redio.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku ya kuilisha ardhi. Koka, mahindi, mafuta ya lama, chicha — vyote shimoni. Eulogia hakuja. Mara ya kwanza tangu niolewe, miaka hamsini na miwili. Nasikia kailisha ardhi peke yake nyuma ya zizi lake. Basi ale nayo.

Nimekosa shimo. Chicha imeingia kwenye kiatu changu. Upepo huo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimedanganywa! Na damu yangu mwenyewe!

Nélida alituma salamu kwa dereva wa lori: bibi shuka Alhamisi, wauguzi kutoka Cusco wanagawa miwani ya kuandikia, bure. Mimi na mistari hii hafifu — nikashuka. Saa tatu nzima juu ya magunia ya mbolea.

Kufika, foleni mpaka nje ya ukumbi wa shule. Miwani hamna. Kuna meza, muuguzi kijana, na mashine ndogo kama simu iliyomeza darubini. Nélida kaja mbio na kinasa sauti, ati anatengeneza kipindi, ati mashine hii imefundishwa kwa kuonyeshwa macho ya watu milioni. Haikuonyeshwa yangu, nikamwambia.

Muuguzi ana malezi. Mama yangu keti hapa. Mama yangu tazama taa ya kijani. Mama yangu usipepese. Sawa. Nikakaa kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani.

Halafu mashine ikasema. Kwa sauti! Sauti ya mwanamke wa mjini, mbele ya foleni nzima:

"Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Jicho la kulia limekomaa. Mgonjwa haoni vizuri vitu vya mbali na vya gizani."

Ati inasema kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mimi najua kusoma! Nilijifunza nina miaka arobaini, kwenye darasa la akina mama, na mtoto mgongoni!

Nikaiambia: "Nimezaa saba. Huyo mtoto wa nane umemtoa wapi?" Foleni ikacheka. Mashine haikucheka. Yule kijana muuguzi akainama akaniambia taratibu, labda ni kidogo tu mama yangu, si sana. Yeye ana mama nyumbani, anajua mtu mzima anavyoambiwa jambo. Mashine haina mama. Ndiyo maana haina adabu.

Nje nikamshika Nélida mkono.

"Ulijua."

"Nilijua, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Uliiamkia kanzu ya padri iliyoanikwa kwenye kamba. Uliiuliza habari za mama yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bibi! Nani wa kukuambia wewe?"

Ati ni operesheni ya dakika ishirini, wanarudi Oktoba, daktari anatoa lenzi ya zamani anatia mpya, unakwenda nyumbani na kiraka. Anavyosema utadhani ni kubadilisha balbu. Nikapanda lori. Kwenye foleni ile nilimwona mke wa mdogo wake Fortunato, na binti wa msusi wa kofia, na wengine wa kwetu watatu. Wote walisikia. Kesho Pumachaka nzima itakuwa imesikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Mashine ni ya uongo. Chaji ilikuwa imekwisha, niliona taa nyekundu kwa macho yangu haya.

Redio sijaifungua.

Jumatano, 20 Agosti

Nélida kaja kwa miguu, kalala huku. Hakutaja macho. Kapika, kafua, kanisuka. Alasiri tumekaa nje, kaniambia:

"Bibi, hesabu kondoo wa ng'ambo ya bonde."

Mtego, nilijua. Lakini mimi si mtu wa kukimbia kondoo.

"Kumi na wanne."

"Ni ishirini na wawili, bibi."

"Kumi na wanne! Watano wamelala pale karibu na ukuta, weupe."

Kanishika mkono. Kisha: "Yale ni mawe, bibi."

Nimemfukuza. Si kumfukuza kabisa — nimemwambia aende akachote maji.

Alipokwenda nikatoa daftari la Celso, lile la Kilimia. Hakujua kuandika, alikuwa anatia nukta. Kila San Juan, nukta kadiri ya nyota alizoona. Kumi. Nane. Kumi na moja. Sita, mwaka ule tuliokula mizizi. Kumi tena. Tisa. Nukta zake zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, kama njia ya milimani.

Halafu zinaanza zangu. Kumi. Kumi. Tisa. Tisa. Nane. Saba. Saba. Sita. Tano.

Nimezihesabu kwa kidole, nimelisogeza daftari mpaka mlangoni kwenye mwanga. Zinashuka tu. Kama ngazi.

Mbingu hazishuki kama ngazi, Saturnina. Kinachoshuka bila kupanda ni mtu.

Na sita ile ya mwaka jana! Nilisema tuchelewe. Mvua ikawahi. Jalidi ikavikuta viazi bado vidogo kama njugu. Nikalaumu setilaiti, na watu wote wakazilaumu pamoja nami. Tukakaa mlangoni mwa kanisa tukizitukana setilaiti. Zilikuwa hazina hata habari nasi.

Nimefunga daftari. Nimelifungua tena. Nukta ni zile zile.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua. Si manyunyu, mvua ya kweli, siku tatu mfululizo. Mapema hivi! Mbegu zimeanza kuchipua ghalani.

Kisimani wananiuliza kwa adabu, mama, hii mvua vipi? Nikasema: "Mvua ya kudanganya. Itakatika."

Nimesema hivyo. Mdomo huu! Ulitangulia kabla sijauzuia, umezoea kuwa na haki. Nimerudi nyumbani nikaona aibu hata mbele ya simbilisi.

Bado upo muda. Tukianza kupasua matuta wiki ijayo, mwanzo wa Oktoba mbegu ziko ardhini. Lakini lazima neno lifunguliwe, na neno hufunguliwa mkutanoni, na aliyelifunga ndiye hulifungua. Nikinyamaza hakuna atakayeligusa. Watakaa na mbegu zao zikisinyaa gizani mpaka Novemba, kwa sababu Saturnina kasema. Baada ya mwaka kama ule uliopita. Na viazi vizuri tumeshavikanyaga kuwa chunyo. Kwa sababu Saturnina kasema!

Nimempigia Nélida kwa simu ya dukani. Nikamuuliza utatangaza? Habari za macho yangu?

"Bibi, mimi natangaza sayansi. Hilo ni lako."

Kweli kabisa. Nimekata simu kwa hasira.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwita Fortunato. Kaja, kavua kofia, kakaa kwenye ukingo wa benchi. Nikampa chicha. Nikazunguka mbali, nikaongea habari za matuta, za samadi, za nyumbu wa Celso aliyekufa zamani. Halafu nikachoka na mimi mwenyewe.

"Fortunato. Siku ile kilimani uliona ngapi?"

Katazama kofia yake.

"Fortunato!"

"Kumi, mama. Labda kumi na moja. Kilikuwa kinawaka vizuri sana."

"Na wengine?"

"Wote, mama."

Wote! Wote waliona! Nilikaa chini ingawa nilikuwa nimeshakaa.

"Kwa nini mlisema ulivyosema mama, ulivyosema mama?"

"Ulikuwa umeshasema, mama. Mkubwa akishasema... Tena tulifikiri unaona kitu ambacho sisi hatukioni."

"Nilikuwa nakiona kweli! Kilikuwa ndani ya jicho!"

Hakucheka. Ningependa angecheka.

"Na mwaka jana?"

Kofia ikazunguka mikononi mwake, mara moja, mara mbili.

"Mwaka jana tuliona tisa, mama."

Watu wazima, wana wajukuu! Wana simu zinazojua kunyesha na kuanika, wana macho mazima kichwani, wakaziacha kaya arobaini na moja zishinde njaa kwa ajili ya heshima! Nimewahi kusikia upumbavu mwingi redioni, lakini huu haujatangazwa. Nimempigia kelele mpaka mbwa akatoka. Yeye ndiyo mama, ndiyo mama. Hata nikimtukana ananiheshimu! Utamfanya nini mtu kama huyo?

Mmoja tu alisema alichoona. Nikamtupia mzaha wa chupa, na wote wakamcheka, nao wanajua kwamba ni kweli.

Nimemwambia Fortunato: kesho badilisha utaratibu. Aanze Eulogia. Mimi niseme mwisho.

Kashtuka kama nimemwambia avue suruali. "Mama, haijawahi kutokea."

"Basi itokee."

Kwetu ukimwachia mtu neno la kwanza mkutanoni umemwomba radhi mbele ya watu, hakuna asiyejua. Aseme tena zile kumi zake, kwa sauti, kila mtu asikie. Ndipo nami nitasimama niseme ndiyo, wifi alikuwa sahihi, mashine nayo ni sahihi, tupande Oktoba. Maneno machache tu. Sitapiga magoti. Magoti yenyewe hayapigiki.

Nimeyafanyia mazoezi mbele ya simbilisi. Wifi alikuwa sahihi. Mara nne. Mara ya nne ilitoka bila kunikwama.

Jumapili, 14 Septemba

Naandikia ukumbini, benchi la nyuma, daftari pajani. Naandika ili nisiinuke nikaondoka. Baragumu limelia mara mbili. Wamejaa. Kunanuka sufu iliyolowa — mvua tena, tangu alfajiri, inapiga mabati kama inagonga ifunguliwe.

Nélida kasimama mlangoni. Najua ni yeye kwa lile koti jekundu. Kinasa sauti kakiacha nyumbani, kaniambia mwenyewe.

Eulogia yuko mbele. Kofia mpya. Hajageuka.

Fortunato anafungua. Tarehe ya kupanda kwanza, mengine baadaye. Anakohoa. Anasema kwa ombi la mama Saturnina, leo neno la kwanza ni la mama Eulogia.

Mvua tu. Wameelewa. Kila mtu kaelewa. Uso unaniwaka moto lakini nimeuacha uwake.

Eulogia kasimama. Anashika ukingo wa meza. Sasa anasema.

Anasema mimi, wifi yake, niliona sawasawa.

Nini?

Anasema kosa lilikuwa lake. Alikuwa amekunywa siku ile. Nyota zilikuwa tano, hata yeye alipofika nyumbani akifikiri vizuri aliona zilikuwa tano. Macho yake ndiyo yamezeeka. Kaka yake Celso alijua anamwachia nani.

Mwongo! Mwanamke huyu hajaonja tone tangu alipofiwa na mume! Kasikia habari za foleni, kila mtu kasikia, na ananihurumia. Eulogia ananihurumia mimi! Miaka tisa ananing'ong'a, na siku moja tu ninayohitaji ulimi wake, ndiyo siku kaamua kuwa na adabu!

Na wao — wanatikisa vichwa. Ndiyo, ndiyo. Wanapumua. Wamefurahi, wameokoa heshima ya kizee. Mtu kasema basi Novemba. Mwingine kasema Novemba. Karani kashika kalamu.

Hakuna anayesema kweli. Hata mmoja!

Nimeinua mkono. Fortunato anatazama chini, haniangalii makusudi. Nimegonga sakafu kwa fimbo. Nimegonga tena.

Eulogia anatikisa kichwa taratibu, ananiashiria nikae. Kaa, wifi. Kaa.

Nasimama.

Kofia zote zimegeuka huku. Sura sizioni, hata moja, ni mabaka tu. Afadhali. Itakuwa rahisi kusema.